Kinyago Kilichosema

"Viti vitatu," alisema Naduk huku akivua glovu kwa meno. "Nimeambiwa dukani na watu wawili tofauti, kwa hiyo usiniite mzushi. Helikopta ya Alhamisi. Kiti cha Bolethe, kiti cha mtoto, na kiti cha Ungaaq wako."

"Si wangu," alijibu Pilu.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofungua huo mdomo."

Usimwamini mwanamke anayesema hivyo huku mapajani ana buti za ngozi ya sili anazomshonea mwanamume huyo huyo. Pilu alichoma sindano kwenye ngozi kwa nguvu, ikapita, ikamchoma na kidole. Akakinyonya kidole, akaendelea kushona kana kwamba hakuna kitu. Lakini Naduk, rafiki yake wa tangu utotoni, alikiona kidole.

Kijiji kizima cha Nuugaarsuk kilijua kwamba Pilu na Ungaaq wangefunga ndoa Pasaka. Kisha, siku chache kabla ya Krismasi, helikopta ikamshusha Bolethe kutoka mji wa Ilulissat, na mtoto wa kiume wa miaka miwili mkononi. Bolethe alikuwa na shingo ndefu na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Hayo Pilu angeweza kuyavumilia. Kilichomshinda ni jina la mtoto.

Mtoto aliitwa Malik. Na Malik alikuwa kaka mkubwa wa Ungaaq, aliyezama karibu miaka mitatu iliyopita na sleji yake na mbwa wote walioivuta, pale barafu ya bahari ilipopasuka, akatafutwa na kijiji kizima, asipatikane. Bolethe alipojifungua baadaye mwaka ule, alituma habari kwamba mtoto amepewa jina hilo. Kwetu jina halitolewi bure. Aliyekufa hurudi ndani ya mtoto aliyepewa jina lake, hata akiwa si wa damu yake, na wenye mtu wao humpokea. Mama Amalia, mama yake Ungaaq, alilia siku ile mpaka majirani wakaja, na tangu hapo mtu akimuuliza ana watoto wangapi, husema wawili, mmoja anakaa Ilulissat.

Basi kila siku Ungaaq akitoka kuvua kwenye barafu, samaki mnono kuliko wote alimpelekea kaka yake. Kipande laini cha ngozi ya nyangumi ya kula, kwa kaka yake. Na nani atamkataza mtu kwenda kumwona kaka yake?

"Angekuwa anamfuata Bolethe," Pilu alimwambia Naduk, "ningejua la kufanya. Ningemng'oa zile nywele. Lakini anamfuata marehemu. Nikisema neno moja, mimi ndiye mwenye roho mbaya."

"Na jana ulisema."

"Jana nilisema."

Jana alikuwa amemsubiri Ungaaq penye vichanja vya kukaushia samaki, na barafu imemganda kwenye nyusi.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa kaka yangu."

"Kaka yako hulala mapema kama kuku wa kwenye vitabu. Akishalala ulikuwa unazungumza na nani?"

Ungaaq alicheka. Hakucheka kwa ubaya, maana hakujua kucheka vingine, lakini kicheko kile kilimwingia Pilu kama maji ya barafu kwenye buti. Akamgeuzia mgongo, akaenda kujifungia kwao, na hakumfungulia hata alipogonga. Na mtu huyo huyo aliyecheka alikuwa na kiti cha helikopta mfukoni!

"Amka," Naduk alisema sasa. "Leo ni sikukuu ya Wafalme Watatu. Vinyago vinatoka."

"Sina hamu ya kucheza."

"Nani kasema kucheza? Mama Amalia amemwalika Bolethe kwa kahawa. Wote wako pale. Wewe ukienda kwa uso wako watazungumza habari za hali ya hewa. Ukienda na soksi usoni, watazungumza mambo yao. Kinyago hakina masikio."

Pilu aliinua macho kutoka kwenye buti.

"Wakinitambua?"

"Wakikutaja, unavua, unakunywa kahawa kama Mkristo. Wasipokutaja, unaondoka na jasho lako. Lakini usiseme, shoga. Hata kukohoa. Kinyago kikisema, tutaimbiwa mpaka theluji iyeyuke."

Wakavaa. Pilu alitia koti la baba yake ndani nje, mto ukawa kibyongo, suruali ya mjomba iliyokaa kwenye ghala la samaki msimu mzima, glovu za kuvulia, na soksi ndefu ya kike kichwani mpaka shingoni, iliyomsukuma pua upande na kumkunja midomo. Naduk alimzunguka akimkagua.

"Unanuka vibaya sana," alisema kwa furaha. "Hata mama yako mzazi asingekubusu."

Nje kulikuwa giza la mchana wa Januari, jua lenyewe likiwa bado limetuacha, na nyota za karatasi za rangi ya chungwa zikiwaka madirishani. Walipita katikati ya mbwa waliojikunja kwenye theluji, wakafika kwa Mama Amalia, wakapiga ukuta kwa fimbo. Ndani mtoto alipiga kelele ya furaha.

"Vimekuja!" ilisikika sauti ya Ungaaq. "Kaka, vimekuja! Ingieni!"

Jambo la kwanza Pilu aliloliona halikuwa Ungaaq, ingawa Ungaaq alikuwa pale sakafuni kwa magoti na viganja, mtoto mgongoni, akibweka. Aliiona miguu ya Bolethe. Bolethe alikuwa amekaa karibu na jiko, kwenye kiti ambacho Pilu hukalia akija, miguu ameikunja, na miguuni amevaa soksi za sufi ya kijivu zenye mstari mweupe. Soksi za Ungaaq. Soksi alizozifuma Pilu kwa mikono yake, akafumua kisigino mara mbili kwa sababu hakikukaa sawa.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Kama si soksi aliyovaa kichwani, wangemwona anavyowaka.

"Cheza basi!" Mama Amalia alipiga makofi, akaongeza redio yenye muziki wa kodiani. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye macho makavu, na siku ile alikuwa amevaa shanga zake za sikukuu. "Malik, mwanangu, usiogope. Hao ni watu."

Naduk alijirusha huku na huku kama mlevi, akamvuta Ungaaq masikio, akajaribu kumnyang'anya Bolethe keki. Mtoto akacheka, na Naduk naye, ambaye hajawahi kukiweza kicheko chake tangu azaliwe, akapiga chafya ya kicheko puani.

"Naduk!" walitaja wote kwa pamoja.

Akavua, jasho linamtiririka, akapewa kahawa na kipande cha keki na kiti. Pilu akabaki peke yake katikati ya chumba.

"Na huyu mwenye kibyongo?" Mama Amalia alimsogelea, akanusa, akarudi nyuma. "Huyu ni mwanamume. Ni Jokum wa dukani?"

"Asije akawa Pilu," alisema Bolethe taratibu.

"Pilu?" Ungaaq alitikisa kichwa, akimshusha mtoto. "Pilu amenuna. Akinuna hatoki. Nimegonga jana na leo. Njoo, Jokum, tucheze!"

Akamshika kiuno.

Pilu alikuwa amejiambia njia nzima kwamba Ungaaq atamjua. Kwamba mikono ile ikimgusa tu, hata juu ya mto na koti na uvundo wa samaki, itasimama. Mikono haikusimama. Ungaaq alimzungusha, akamkanyaga, akacheka, pumzi yake ya kahawa na tumbaku ikamjia usoni, na macho yake mazuri, ambayo Pilu alikuwa akiyaota kila akilala, yakampita begani. Yalikuwa yanatazama upande wa jiko. Pilu hakuweza kujua yanamtazama mtoto au mama yake, na kutokujua huko kuliuma kuliko kujua.

"Mzito huyu!" Ungaaq alisema. "Jokum, punguza siagi."

Naduk alikuwa ameficha uso wake kwenye kikombe.

Muziki ulipokwisha, Pilu alisimama pale alipoachwa, na macho, bila kumwomba ruhusa, yakarudi kwenye zile soksi. Yakakaa hapo. Alipoyainua, alikuta Bolethe anamtazama. Bolethe alitazama miguu yake mwenyewe, kisha akakitazama tena kinyago, na kitu kikabadilika usoni mwake. Pilu alingoja jina lake litajwe.

Bolethe hakulitaja. Aliweka kikombe chini.

"Ungaaq," alisema, "Pilu umemwambia habari ya Alhamisi?"

Naduk alipaliwa na keki.

"Bado," Ungaaq alisema.

"Utamwambia lini? Tukiwa angani?"

"Hayo si maneno ya mbele ya kinyago," Mama Amalia aliingilia.

"Kinyago hakisemi, mama," alijibu Bolethe, bila kuondoa macho yake kwenye soksi iliyoufunika uso wa Pilu. "Mimi nauliza tu. Sijui huyu bwana Ungaaq anakuja kwetu Ilulissat kufanya nini."

Ungaaq alijikuna shingo. "Nakwenda kumfikisha Malik. Nitakaa kidogo."

"Utakaa zaidi ya kidogo," alisema Mama Amalia. "Kiwanda cha samaki cha kule kinataka watu. Watu wakikaa pamoja huzoeana. Sisemi lazima. Ila ukimuoa Bolethe na kumleta hapa, Malik atakuwa analala chini ya paa lake mwenyewe, nami nitamsikia akikohoa usiku. Nimemkosa mpaka nimechoka kumkosa. Ni vibaya mama kutaka hivyo?"

Mtoto alikuwa anajaribu kuivaa glovu ya Naduk kichwani.

"Si vibaya, mama," Ungaaq alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Na Pilu?" aliuliza Bolethe.

"Pilu..." Ungaaq alitafuta neno sakafuni. "Pilu ni mtu mwema. Pilu ataelewa."

"Sielewi!" kilisema kinyago.

Kikombe cha Naduk kilianguka. Mama Amalia alishika kifua. Tangu azaliwe hajaona jambo hilo ndani ya nyumba yake, kinyago kusimama sakafuni na kupaza sauti, tena sauti ya kike.

"Sielewi hata chembe!" Soksi ilimziba mdomo, maneno yakatoka yamejikunja, lakini yalitoka. "Na mimi si mtu mwema! Nani amekuambia mimi ni mtu mwema? Mimi nimekaa wiki mbili nahesabu mnofu wa samaki unaopita mlangoni kwetu kwenda kwa mwanamke mwingine. Mimi nimemwombea mwanamke huyu aote chunusi!"

"Ee Mungu," alisema Naduk.

Ungaaq alikuwa ameshasimama, uso umemwisha rangi. "Pil..."

"Nyamaza," mama yake alimkata. Alijinyoosha mbele ya kinyago, kimo chake kikamfikia kifuani. "Katika nyumba hii kinyago hutajwa na mwenye nyumba. Mimi huyu sijamtaja. Asiyetajwa hana neno hapa."

"Basi nitaje."

"Simjui." Akageukia ukuta, akasema na ukuta. "Lakini angekuwa yule ninayemdhani, ningemwambia aone haya, kumwonea wivu mtoto wa miaka miwili."

"Na mimi ningekuwa huyo unayemdhani," Pilu alijibu, naye akasema na ukuta huo huo, "ningesema simwonei mtoto. Mtoto nampenda. Hata Bolethe ningemweza, pamoja na shingo yake. Namwonea wivu marehemu, mama. Nitamshindaje? Hakosei. Hachelewi. Hagombani na mtu. Kila nikitaka kitu kwa Ungaaq, naambiwa Malik ametangulia kukitaka. Nilikuwa nampenda Malik na mimi. Sasa nikilisikia jina lake roho inaniuma, na najichukia kwa hilo. Ndiyo hivyo. Nimesema."

Mama Amalia hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yamepanda juu.

Bolethe aliinama, akazivua zile soksi, moja, kisha nyingine, akaja nazo mkononi, miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi.

"Chukua. Sakafu ilikuwa baridi, zilikuwa zinakauka juu ya jiko, nikazivaa. Hakunipa yeye. Huyu hajui hata kama nina miguu." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Nilikuja na magauni mapya. Kila asubuhi nikisikia mbwa wake nachana nywele. Anaingia, anapiga magoti, anambusu mwanangu, ananiuliza amekula nini, basi. Unajua mtu kumwonea gere mtoto aliyemzaa mwenyewe? Uliza mimi."

"Bolethe, sikujua," alisema Ungaaq.

"Ndicho ninachosema. Hukujua." Akamgeukia Mama Amalia, sauti ikalainika. "Mama, Malik ni wako. Nitamleta Pasaka, nitamleta kila nikipata likizo, umsikie akikohoa mpaka uchoke. Lakini mume nitajitafutia mwenyewe, na atakuwa mtu anayekuja kuniona mimi. Alhamisi kiti cha tatu tutakiwekea mizigo."

Ungaaq alivuka sakafu, akasimama mbele ya Pilu, akainua mkono kuelekea kwenye soksi.

"Vua, mpenzi. Tafadhali."

"Sijatajwa."

"Nakutaja mimi, kwa jina lako zima. Pilunnguaq."

"Wewe? Umenizungusha chumba kizima ukaniita Jokum! Umenishika kiuno, Ungaaq, ukaniambia nipunguze siagi. Na Jokum naye huwa unamshika hivyo?"

"Pilu, ulikuwa unanuka..."

"Wewe huna ruhusa ya kunitaja. Mwenye nyumba ni mama yako."

Machozi yalikuwa yamelowesha soksi, ikamganda usoni. Hakuyafuta. Ungaaq alimtazama kwa muda mrefu, na safari hii macho yake hayakwenda popote pengine.

"Mama," alisema, "mtaje."

"Simjui."

"Mama."

"Nimesema simjui!"

Ungaaq hakubishana. Aliyelelewa na Mama Amalia hujifunza mapema kwamba kubishana naye ni kupoteza pumzi. Alichukua koti lake msumarini, akaligeuza ndani nje, akalivaa. Akauendea mto wa kitandani, akauvua foronya yake, akajivika kichwani mpaka mabegani. Akarudi akipapasa hewani, akasimama kando ya Pilu, akautafuta mkono wake ndani ya ile glovu iliyooza, akaushika.

"Acha mchezo," alisema Mama Amalia.

Kinyago hakikujibu.

"Ungaaq anajua sipendi..." alianza, kisha akanyamaza, maana alikuwa anazungumza na kitambaa cheupe kisicho na macho. Vinyago viwili vilisimama mbele yake vimeshikana mikono, na desturi anaijua kuliko wote waliomo mle: visivyotajwa hutoka. Navyo vikageuka. Kimoja kikapapasa komeo, mlango ukafunguka, baridi ikaingia ikitambaa sakafuni kama moshi. Nje kulikuwa giza tupu, na chini ya giza hilo bahari iliyoganda.

Pilu alivuka kizingiti kwa mguu mmoja. Alikuwa na furaha, na papo hapo na hofu ya kumtoa mtu nyumbani kwao. Ungaaq alimfuata.

"Funga mlango," ilisema sauti nyuma yao.

Wakasimama.

Mama Amalia alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mto usio na foronya umemwangukia miguuni. Macho yake makavu hayakuwa makavu tena.

"Hapo hapo mlangoni," alisema, "nilisimama nikamwita mmoja mpaka sauti ikaniisha. Sina sauti ya kuita wa pili. Ungaaq, mwanangu, toa hicho kitambaa, niuone uso wako."

Ungaaq akakivua. Nywele zimemsimama, pua nyekundu, analia kama mtoto mdogo. Mama yake alimtazama kana kwamba ndiye aliyeshuka kwenye helikopta, baada ya safari ndefu sana.

Kisha akapangusa uso kwa kiganja, akainuka, akachukua birika.

"Na wewe, Pilu," alisema akiwa amewapa mgongo, akimimina. "Pilunnguaq. Vua hiyo soksi, uingie ndani na mwenzako. Kahawa inapoa."